Pengo Lisilozibika: Mbolezi za Kifo cha Sokoine na Wajibu wa Mhakiki

Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa ufupi jinsi umma wa Tanzania ulivyoipokea habari ya kifo cha Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine mwaka 1984, hasa kwa upande wa lugha na utungo. Hatukusudii kuandika historia ya marehemu, wala kuzipima siasa zake kwa mizani ya wanasiasa. Swali letu ni la kifasihi: watu wanapomlilia kiongozi waliyempenda, wanasema nini, wanamwambia nani, na ni mambo gani wanayoyaacha bila kuyasema? Tunaliuliza swali hili kwa sababu aina hii ya utungo, ambayo hapa tutaiita mbolezi, imedharauliwa mno na sisi wahakiki wa vyuo vikuu. Na dharau hiyo, kwa maoni yetu, imetupotezea ushahidi mwingi.

Tuanze na tukio lenyewe. Sokoine alizaliwa Monduli, mkoani Arusha, mwaka 1938. Alikuwa Waziri Mkuu kwa vipindi viwili: kuanzia 1977 hadi 1980, na tena tangu Februari 1983. Alasiri ya tarehe 12 Aprili 1984, alipokuwa akitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge kuelekea Dar es Salaam, gari lake liligongana na jingine huko Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki. Rais Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa habari hiyo kwa redio. Sokoine alizikwa kwao Monduli, na Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka uleule kikapewa jina lake.

Kilio kilikuwa kikubwa, nacho hakikuishia machoni. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, yakiwamo Uhuru na Mzalendo, yalikuwa na mazoea ya kutenga nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Na msiba wa namna hii ulikuwa ndio hasa wakati wa karani, mwalimu wa shule ya msingi na mkulima kushika kalamu. Kwaya nazo ziliimba. Kwa ufupi, watu waliokuwa hawana jukwaa lolote la kuzungumza na serikali yao walipata, kwa siku kadhaa, ruhusa ya kusema hadharani.

Je, sisi wahakiki tumeyafanyia nini maneno yao? Katika mjadala wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, shairi la gazetini lilikuwa kwa wanamabadiliko mfano wa karibu wa utungo wenye vina na mizani lakini usio na ushairi. Mwandishi wa makala haya naye aliisomea shahada yake ya pili ng'ambo, akafundishwa kulitazama shairi kama chombo kilichofungwa, chenye maana yake yote ndani ya maneno yake. Kwa kipimo hicho, mbolezi mia moja za kiongozi mmoja ni mbolezi moja tu iliyoandikwa mara mia. Mhakiki husoma tatu, akatikisa kichwa, akaziweka kando.

Hapa inafaa tuikumbuke tamthilia ambayo Kiswahili kinayo kwa mkono wa Nyerere mwenyewe, yaani tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Baada ya Mark Antony kuhutubu mbele ya maiti, umati wenye hasira unakutana njiani na mtu aitwaye Cinna. Anajitetea kwamba yeye si yule Cinna aliyeshiriki katika njama. Yeye ni mshairi. Hapo mmoja katika umati anaamuru auawe vivyo hivyo, kwa ubaya wa mashairi yake. Watazamaji hucheka, kisha hujuta kwa kucheka. Tunahofia kuwa nasi tumefanya kazi ya umati ule: tumemhukumu mshairi wa matanga kwa ubaya wa mashairi yake, wala hatukungoja kumsikiliza alikuwa akisema nini.

Basi na tumsikilize. Jambo la kwanza ni istilahi. Kiswahili kina maneno mawili ya heshima kwa aliyekufa, nayo hayana uzito mmoja. Marehemu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni yule aliyerehemiwa. Ni neno la dua, na kila maiti hulipata, awe tajiri au hohehahe. Hayati, kwa asili yake, ni uhai. Lakini katika matumizi ya magazeti na ya hotuba limekuwa kama cheo wanachopewa viongozi wakuu wakiisha kufa. Neno moja lamwombea mtu kwa Mungu, la pili lamweka hai miongoni mwa watu. Sokoine ameitwa kwa majina yote mawili, na mtunzi anayelichagua moja huwa amekwisha kuamua kama analia kama jirani au kama raia.

Jambo la pili ni misemo iliyozoeleka. Hakuna mbolezi ya Kiswahili isiyosema kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Mhakiki huuona msemo huu umechakaa, na ni kweli umechakaa. Hata hivyo tuutazame tena. Pengo ni nafasi ya jino lililong'oka. Haliwi pengo ila pale ambapo meno mengine yamebaki. Anayesema kwamba pengo halizibiki anasema pia, kwa adabu, kwamba hao waliobaki hawatoshi. Ndivyo ilivyo na methali isemayo kwamba mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba. Kwa sura ya nje ni sifa ya mti. Kwa undani ni malalamiko ya ndege: walikuwa na mti mmoja tu.

Hoja yetu kuu inatokana na hapo. Mbolezi ya kiongozi ina sehemu tatu zijulikanazo: kukiri amri ya Mungu, kutaja wasifu wa marehemu, na kutoa nasaha kwa waliobaki. Sehemu ya katikati huonekana kuwa sifa tupu. Kwa hakika ni mashitaka yaliyogeuzwa mgongo. Mtunzi anayemsifu marehemu kwamba hakujilimbikizia mali hamwelezi marehemu, ambaye hasikii. Anawaeleza walio hai, ambao wanasikia. Sokoine alikumbukwa kwa uadilifu, kwa kuchukia magendo na ulanguzi, na kwa kuishi bila makuu. Kila sifa katika hizo, mwaka 1984, wakati sabuni na sukari zilikuwa adimu madukani, ilikuwa na mlengwa wake. Mtu asiyeweza kumwambia mkubwa wa mkoa wake, "Wewe ni mlanguzi," aliweza kusema, "Sokoine hakuwa mlanguzi," na hakuna mtu aliyeweza kumkamata kwa kusema hivyo.

Mark Antony wa Shakespeare aliijua mbinu hii: aliwataja wauaji kuwa waheshimiwa mpaka heshima yenyewe ikawa tusi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mwanasiasa aliyetaka umati umfuate. Mtunzi wa gazetini hana umati wa kuuongoza. Ana beti saba au nane na jina la sanduku lake la posta. Nasi hatuwezi kusahau kwamba mfasiri wa hotuba ile, aliyejua vema jinsi maiti ya kiongozi inavyoweza kufanywa jukwaa, ndiye aliyepaswa kutangaza kifo cha msaidizi wake. Naye hakuhutubu, alisema machache tu.

Lakini uhakiki wa haki hauwezi kukomea kwenye utetezi. Ziko kimya mbili katika mbolezi hizi ambazo hatuna budi kuzitaja.

Kimya cha kwanza ni juu ya waliokamatwa. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilianza Machi 1983, na Sokoine ndiye aliyekuwa mbele yake. Watu zaidi ya elfu moja walitiwa mbaroni. Sheria maalumu ilitungwa baada ya wengi wao kukwisha kushikwa. Kesi zikapelekwa mbele ya baraza maalumu ambako mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, wala dhamana, wala rufani kwa mahakama za kawaida. Mwaka 1984 sheria hiyo ikaondolewa na nyingine ikachukua nafasi yake. Miongoni mwa walioshikwa walikuwamo walanguzi wa kweli, na walikuwamo wenye vijiduka waliokutwa na katoni chache za bidhaa. Watu hawa nao walikuwa na wake na watoto, nao bila shaka walikuwa na lao la kusema kuhusu marehemu. Mapokeo ya mbolezi hayakuwa na ubeti kwa ajili yao. Desturi yetu yakataza kumsema vibaya maiti, na desturi hiyo ni njema kaburini. Ila inapohamishiwa katika historia, humlinda mwenye nguvu na kumsahau aliyeumizwa. Mtunzi aliyemwita Sokoine mkombozi wa wanyonge angekuwa mkweli zaidi kama angeuliza pia ni wanyonge wangapi waliingia katika wavu uliotandazwa kwa ajili ya mapapa.

Tena historia ilikuja na kejeli yake. Miezi miwili tu baada ya mazishi, bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wafanyabiashara wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini, na madukani vitu vikaanza kuonekana. Umma uliomlilia adui wa walanguzi ukanunua sabuni kwa wafanyabiashara, na haukuacha kumlilia. Wengine wataona unafiki hapa. Sisi twaona uthibitisho wa hoja yetu: kilichokuwa kikililiwa hakikuwa sera ya ugawaji wa bidhaa, bali mfano wa kiongozi asiyeiba. Sera ilibadilika, haja ya mfano ule haikubadilika.

Kimya cha pili ni juu ya swali la chanzo. Taarifa rasmi ilikuwa kwamba ni ajali ya barabarani, na mbolezi, kwa kuwa huanza na amri ya Mungu, haina mahali pa kuuliza zaidi. Kazi ya Mola haina makosa. Hapo ubeti wa kwanza umekwisha, na mlango umefungwa. Hata hivyo uvumi ulienea, na kwa zaidi ya miaka 40 haujakoma. Sisi hatuna neno la kuongeza juu ya chanzo cha ajali, wala si kazi ya mhakiki kugeuka mpelelezi. Tunasema tu kwamba uvumi na mbolezi ni nusu mbili za utungo mmoja. Mbolezi husema yale yawezayo kutiwa sahihi. Uvumi husema yasiyoweza. Mtafiti anayezikusanya mbolezi na kuupuuza uvumi amekusanya kiitikio akaacha wimbo.

Tulio Kenya tunalo la kujifunza kwa kulinganisha. Tom Mboya alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kilio kiligeuka ghasia nje ya kanisa alimoombewa, na gari la Rais Kenyatta likapigwa mawe. J. M. Kariuki alipopatikana ameuawa huko Ngong Machi 1975, Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na mwimbaji Joseph Kamaru akamlilia kwa Kikuyu. Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, umati uliyachukua matanga mikononi mwake, na mwito wa Kijaluo wa kuwalilia mashujaa, jowi, ukasikika hata katika vinywa visivyokijua Kijaluo. Kwetu sisi, basi, machozi ya kwanza ya siasa hutoka kwa lugha za mama, na Kiswahili huja baadaye, kikiwa lugha ya risala. Tanzania ya 1984 ililia kwa Kiswahili tangu mwanzo. Jambo hili lina faida, kwani Mmasai wa Monduli alililiwa na Mmakonde wa Newala kwa misemo ileile. Lina hasara pia: misemo inayotumiwa na taifa zima, redio na chama, hulainika kama sarafu iliyopita mikono mingi, na ni rahisi serikali kuiazima. Mbolezi ya Kikuyu ya 1975 haikuwa rahisi kuazimwa hivyo.

Kwa kumalizia, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mashairi ya magazetini ya Aprili na Mei 1984 yakusanywe, yahifadhiwe na yasomwe pamoja kama diwani moja ya umma, si kama makosa ya watu mia. Pili, wanafunzi wetu watumwe kwa wazee wangali hai, wayaandike na yale ambayo hayakuchapishwa, yakiwamo ya waliofungwa mwaka 1983 na jamaa zao. Tatu, sisi wenyewe tuache kuuliza kwanza kama mbolezi ni shairi zuri. Tuulize anasifiwa nani, kwa sifa ipi, na ni nani aliyekaa msibani safu ya mbele ambaye sifa hiyo hanayo. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Katika harusi hiyo mhakiki asiende kula wali akaondoka; anapaswa kukaa hadi mwisho, na kuandika majina ya wasioalikwa.