Msongamano wa Fremu na Miondoko ya Kimeng'enya cha Malaria

Dawa ya SP, yaani mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 hadi dawa ya mseto ya ALu ilipoishika nafasi yake mwishoni mwa 2006, ingali ikitolewa katika kliniki za wajawazito, za wilaya za Kibondo na Kasulu zikiwemo, ambako mama humeza vidonge vitatu palepale mbele ya muuguzi ili kujikinga. Pirimethamini huziba kimeng'enya kiitwacho DHFR, ambacho kimelea cha malaria hukihitaji ili kutengeneza DNA, na usugu dhidi ya dawa hiyo huanzia kwenye badiliko dogo: katika nafasi ya 108 asidi amino ya serini huondoka na mahali pake hukaa asparajini, iliyo kubwa zaidi, ikagongana na pete ya dawa yenye klorini. Mgongano huo ulidhihirika katika umbo la fuwele la kimeng'enya hicho lililochapishwa 2003. Lakini fuwele ni picha tuli, ilhali protini hutikisika bila kukoma.

Miondoko hiyo hufuatiliwa kwa uigaji wa molekuli, ambapo kompyuta hukokotoa nguvu zinazosukuma kila atomu na kuisogeza kwa hatua za takriban femtosekunde mbili, huku ikihifadhi mara kwa mara fremu, yaani orodha ya mahali zilipo atomu zote. Kazi ngumu huja baadaye: kuyatambua, katika mamilioni ya fremu, maumbo machache ambamo protini hutulia. Njia iliyozoeleka ya k-means huipeleka kila fremu kwenye kitovu kilicho karibu nayo, na kasoro yake ni ile ya karani ambaye angeiandika nyumba ya Kibondo kuwa ya kijiji cha Kasulu kwa kuwa tu kitovu chake ki karibu, asijali kwamba mto Malagarasi umekatiza katikati.

Wanaotegemea msongamano badala ya vitovu hutafuta mahali penye fremu nyingi palipotengwa na utupu. Algoriti ya DBSCAN, iliyotolewa 1996 na Ester, Kriegel, Sander na Xu wa Munich, huhesabu majirani wa kila nukta ndani ya nusukipenyo maalumu, na nukta isiyofikiwa na kundi lolote huachwa kama kelele. Kwa data za molekuli uamuzi huo una gharama, kwani fremu adimu zinazotupwa ndizo mara nyingi huonyesha protini ikivuka kutoka umbo moja kwenda jingine. Tena kizingiti kimoja cha msongamano hakiwezi kufaa kundi lenye msongamano mkubwa na lile lenye msongamano mdogo kwa pamoja.

Florian Sittel na Gerhard Stock wa Freiburg walilikabili tatizo hilo 2016. Katika programu yao, msongamano wa kila fremu hugeuzwa kuwa nishati huru kwa kuchukua logi ya uwiano wake na msongamano wa juu kabisa, kisha kubadili alama, hivi kwamba penye fremu nyingi pawe bondeni. Kiwango cha nishati hupandishwa kidogo kidogo, fremu zilizo chini yake na zinazokaribiana huunganishwa, na pale makundi mawili yanapokutana ndipo kilipo kizingiti cha nishati kati yao. Fremu zilizosalia humfuata jirani wa karibu aliye na nishati ndogo zaidi, hivyo hakuna inayotupwa. Miongoni mwa majaribio yao ulikuwamo uigaji wa HP35, protini ya asidi amino 35, wa takriban mikrosekunde 300.

Kwa DHFR, sharti moja halina mjadala: fremu za kimeng'enya cha asili na za kile chenye badiliko la 108 ziwekwe katika mfumo mmoja wa vipimo kabla ya kupangwa, la sivyo kundi namba 3 la kimeng'enya cha kwanza halitakuwa na uhusiano wowote na kundi namba 3 la kile cha pili. Nusukipenyo cha kuhesabia majirani nacho kijaribiwe kwa thamani kadhaa, kwa kuwa kikiwa kidogo mno bonde moja hupasuka vipande, na kikizidi mno kizingiti chenyewe humezwa. Hata hivyo, umbo ambalo uigaji haukulifikia halina msongamano wowote, na hakuna programu ya makundi itakayolionyesha.