Kongole kwa Wasubiri Jua wa Dakawa

Kongole zimwendee kila mpiga picha anayeshuka Dakawa, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, akasubiri jua litue. Wapita njia huona miiba. Yeye huona taa.

Anaujua mmea wake wa miiba, mpungate. Mmea huo asili yake ni Amerika. Mnyaa wa uani, ingawa nao hauna majani ya maana, ni wa ukoo mwingine kabisa, na utomvu wake mweupe huunguza macho. Kwa hiyo hutazama kwanza, ndipo apige magoti.

Anaijua na saa yake. Jua likiinama, mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Buluu hutawanyika njiani, wekundu na dhahabu hubaki. Hapo huuweka mmea kati yake na jua, kila mwiba ukawaka kama uzi, na milima ya Uluguru ikafifia upande wa kusini. Huku karibu na ikweta giza halibembelezi: dakika chache tu, mchezo umekwisha.

Dereva, ukimkuta amechuchumaa jioni, usimpigie honi. Punguza mwendo, msalimie; yuko kazini.