Mkono na Jicho la Mpima Ubongo

Fundi hodari wa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, hutambulika kabla mashine haijawashwa. Hupitisha utepe kutoka shina la pua hadi kinundu cha kisogo, kisha kutoka sikio hadi sikio, akitia alama kwa asilimia 10 na 20 ya umbali huo, utaratibu uliochapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958. Kichwa kiwe cha mtoto au cha mzee, elektrodi 21 hukaa mahali panapolingana. Ndiyo maana kipimo cha Riyadh husomeka Jeddah, na Dar es Salaam pia. Halafu kuna nywele. Mama aliyepaka mafuta na kujifunika shungi huwekwa chumba cha faragha pamoja na fundi mwanamke, ambaye humwita kwa heshima “ya Hajja” na kumsugua ngozi taratibu mpaka gundi ishike. Mkono ukiharakisha hapa, hakuna daktari atakayeokoa kazi hiyo baadaye.

Kinachowindwa ni umeme wa makumi ya maikrovolti tu, na kila kitu kingine chumbani kina sauti kubwa kuliko ubongo. Kope zikipepesa, mistari huruka. Jino likiuma jino, msitu wa miiba huota juu ya masikio. Jeddah, mtu aliyetoka kwenye joto la pwani huleta jasho, na mistari huyumba polepole. Riyadh, hewa kavu huleta umeme tuli wa nguo na zulia. Fundi aliyejifunzia Nairobi hulazimika hata kubadilisha kichujio: kwao umeme wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, Saudia ni 60.

Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kule Jena mwaka 1924, akachapisha 1929. Wengine humwona mwoga kwa miaka ile mitano ya kusitasita. Mimi naona ndiyo iliyoanzisha fani: kabla ya kusema “huu ni ubongo”, ondoa kwanza kila kisicho ubongo.

Daktari anayesoma kipimo naye huanzia kwenye macho yaliyofumbwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kisogoni huibuka mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde, yakififia macho yafumbuliwapo. Mtoto mwenye kifafa cha kuzubaa, akihemeshwa kwa nguvu dakika tatu, huenda akatoa ncha na mawimbi 3 kwa sekunde, ushahidi usiohitaji mjadala. Lakini siku nyingi huwa ni ncha ndogo ya usingizini isiyo na madhara, na kuiita kifafa ni kumfungia mtu dawa za miaka. Namsifu zaidi anayejizuia kuliko anayegundua.

Katika King Faisal Specialist Hospital, Riyadh, wanaofikiriwa upasuaji hulazwa siku kadhaa chini ya kamera na waya, dawa zikipunguzwa, kifafa kikingojewa kije kionyeshe kinapoanzia. Wengine hupimwa mara moja, hawaonyeshi kitu, na hilo halifuti kifafa. Huambiwa warudi bila kulala. Mwezi wa Ramadhani agizo hilo lina mtego: usiku mzima watu wako macho kweli, kisha hulala baada ya alfajiri hadi adhuhuri. Fundi mzoefu haulizi kama umelala usiku. Huuliza umeamka saa ngapi.