Neno "Onyo" katika Kituo cha Polisi

Mwaka 1965 Profesa A. B. Weston, aliyekuwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria hapa Dar es Salaam, aliandika katika jarida la Swahili juu ya matatizo ya kuieleza sheria kwa lugha ya taifa. Na mwaka 1968 ikatoka orodha ya istilahi za sheria aliyoihariri. Tangu hapo wanaisimu na wanasheria wamejadiliana sana juu ya maneno ya hakimu na ya wakili. Maneno ya kituo cha polisi hayakupata bahati hiyo, ingawa huko ndiko sheria inakomkuta mwananchi kwa mara ya kwanza, na kwa wengi ndiko inakoishia. Katika makala haya nimekusudia kulihakiki neno moja tu la aina hiyo, yaani onyo, kama litumiwavyo katika msemo "maelezo ya onyo", na kisha niguse machache yaliyo jirani nalo. Dai langu ni kwamba neno hili lilichaguliwa vibaya, na kwamba ubaya wake si wa kamusi tu: unamnyima mtu haki ambayo sheria imekwisha kumpa.

Kwanza tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu cha 53 kwa hesabu ya vifungu iliyotungwa nayo, yamkataza askari polisi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi mpaka atimize mambo matatu. Amtajie jina lake na cheo chake. Amjulishe, kwa lugha aijuayo vyema, kwamba yu chini ya ulinzi na kwa kosa gani. Kisha amweleze kwamba halazimiki kujibu swali lolote ila la jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Jambo hili la tatu ndilo lililoitwa onyo. Msomaji akiyapima yaliyomo hataona humo tishio hata moja. Ni habari ya haki mbili: haki ya kunyamaza, na haki ya kutokuwa peke yake. Muda nao umepimwa. Saa nne za kwanza ndizo za kuhoji, ila zikiongezwa kwa utaratibu, na Mahakama ya Rufani imeyaondoa katika ushahidi, si mara moja wala mbili, maelezo yaliyochukuliwa nje ya saa hizo. Sheria, basi, haina lawama kubwa. Ilitungwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwa Kiswahili na watu ambao hawakuulizwa, na katika safari hiyo ndipo ilipojeruhiwa.

Ninakaa Wazo, upande wa kaskazini wa Kinondoni, karibu na kilima ambacho mawe yake ya chokaa yamekuwa yakichimbwa kwa ajili ya saruji tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1966. Kijana mmoja wa jirani zangu, mwendesha bodaboda, alisimamishwa usiku akiwa na abiria aliyebeba mfuko. Mfukoni mlikuwa na vitu vya wizi. Abiria akatimua mbio; kijana akabaki na pikipiki yake. Katika kituo ambacho sitakitaja aliambiwa kwamba ataandikwa maelezo ya onyo. Akafurahi. Baadaye alinieleza hivi: "Mwalimu, nilijua nimeshapona. Nikasema moyoni, hawa wananipa onyo, asubuhi narudi kijiweni." Akatia sahihi yake karatasi mbili asizozisoma. Asubuhi alipandishwa karandinga kwenda mahakamani, na karatasi zile zilikuwa zimemtangulia. Miezi kadhaa ilipita kabla shauri lake halijafutwa kwa kukosa mashahidi, na pikipiki, ambayo ilikuwa ya mkopo, ilikwisha kuchukuliwa na mwenyewe.

Wenzangu wawili niliowasimulia habari hii walicheka wakasema kijana yule ni mjinga. Mimi sikubali. Yeye alikisoma Kiswahili sawasawa; waliokosea ni waliokiandika. Mwanafunzi anayechelewa hupewa onyo. Mtumishi wa ofisi hupewa onyo la mdomo, akirudia hupewa la maandishi. Mchezaji wa mpira huonywa na mwamuzi kabla ya kutolewa nje. Katika mahali pote hapa neno hili lina sifa mbili zisizotengana nalo. La kwanza, kosa limekwisha kuthibitika. Asiye na kosa haonywi. La pili, onyo husimama badala ya adhabu: aliyeonywa amesamehewa kwa leo. Basi mtu anayeambiwa "unaonywa" ndani ya kituo ana njia mbili za kuelewa. Akiwa mwoga atasikia kitisho, na atasema yote ili kitisho kipite. Akiwa na matumaini, kama kijana wa Wazo, atasikia msamaha, na atatia sahihi ili aende zake. Njia ya tatu, iliyokusudiwa na sheria, haimo katika neno.

Hapa historia ya neno ina jambo la kutufundisha, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Onya ni mtoto wa ona, kwa kauli ya kale ya kutendesha, kama vile ponya litokavyo na pona. Maana yake ya asili ni kumfanya mtu aone. Baadaye lugha iliongeza kitendesho cha pili juu ya kile cha kwanza, tukapata onyesha, na kazi ya kumfanya mtu aone kwa macho ikahamia huko. Onya likabakiwa na kazi ya kukanya na kukemea. Kama mfasiri wa kwanza alikuwa akiiwaza maana ile ya kale, alikuwa na neno zuri kuliko yote, kwa kuwa askari hapa atakiwa kumwonyesha mtu haki yake. Sidhani kwamba aliiwaza. Naona alitafuta jibu la neno la Kiingereza, akachukua lile la mbele. Wala asili ya neno haimsaidii mtu aliyekamatwa, kwa maana hakuna azungumzaye kwa asili za maneno. Twazungumza kwa matumizi ya leo.

Ubaya wa neno huzidishwa na umbo la hati. Aghalabu hati hizi huanza kwa sauti ya askari, akimwambia mtu kwamba anaonywa, kwamba anatuhumiwa kwa kosa fulani, kwamba halazimishwi kusema neno, na kwamba atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Mstari unaofuata sauti hubadilika ghafla. Sasa anayesema ni "mimi", naye ni yule aliyekamatwa, akikiri kwamba ameonywa, ameelewa, na yu tayari kueleza kwa hiari yake. Lakini mwandishi wa sauti zote mbili ni mmoja, na kalamu ni moja. Nafsi ya kwanza katika hati hii haina mwenyewe. Katika isimu tumezoea kusema kwamba tendo la usemi hutimia pale msikilizaji anapolitambua kuwa ni tendo hilo. Kumjulisha mtu haki yake hakutimii kwa sababu karatasi imesema imetimia. Naogopa kwamba katika vituo vyetu mengi hutimia katika karatasi tu.

Najua wanasheria watanijibu. Watasema kwamba istilahi imekwisha kukaa, imo katika hukumu nyingi, na tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, si wakati wa kuvuruga yaliyozoeleka. Mimi nasema huo ndio wakati wenyewe. Neno likiwa limezoewa na mawakili na askari tu, ilhali mtu aliyekusudiwa kulindwa nalo analielewa kinyume, mazoea hayo ni ya upande mmoja. Wengine wamependekeza "tahadhari". Sioni nafuu yake: anayetahadharishwa ameambiwa mbele kuna hatari, hakuambiwa ana haki.

Jirani za neno hili nazo hazisemi lugha ya haki. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 147, inapoeleza nani ni mwanajeshi, inamtia humo askari wa Jeshi la Polisi pamoja na wa Jeshi la Ulinzi. Kwa hiyo mwananchi anayemwona polisi kuwa mwanajeshi hakosei; amesoma Katiba. Naye humwita "afande", neno lililotoka kwa Waturuki likafika kwetu kwa njia ya majeshi, ambalo kwa haki ni la askari mdogo kwa mkubwa wake. Raia anapolitumia amejiandikisha mwenyewe katika cheo cha chini cha jeshi asilolijua. Wakenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, walibadili jina likawa Huduma ya Taifa ya Polisi. Jina halikuondoa malalamiko yao, lakini angalau limewapa neno la kumkumbusha askari. Wao pia husema "mshukiwa" pale tusemapo "mtuhumiwa". Anayeshukiwa ametiliwa shaka tu. Anayetuhumiwa yuko karibu zaidi na lawama.

Baya kuliko yote ni "jambazi". Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa mikononi mwa polisi wa Dar es Salaam, na umma ukatangaziwa kwamba walikuwa majambazi waliorushiana risasi na askari. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ilipochunguza haikuona ujambazi wala mapambano. Watu wale walikuwa wamepelekwa katika msitu wa Pande, ambao kutoka hapa kwetu Wazo hauko mbali, wakauawa huko. Mahakama Kuu iliwaachia askari wote walioshtakiwa mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Katika siku zile za kwanza, kabla ya tume, neno moja lilitosha kuwazuia watu wasiulize. Mwenye kuitwa jambazi amekwisha kuhukumiwa, na hakuna anayekumbuka kuuliza kama alitajiwa jina na cheo cha aliyemkamata. Hapa mtaani wapo wazee ambao mpaka leo, wakisikia redioni kwamba majambazi wameuawa, husema taratibu, "Kama wale wa Pande."

Nisiseme kwamba lugha yetu ni maskini wa haki. Sheria inaposema mtu awasiliane na ndugu au rafiki, Kiswahili huipanua kuliko Kiingereza, kwa kuwa ndugu kwetu si wa tumbo moja tu. Nilipokwenda kumwulizia kijana yule, askari wa zamu aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikajibu, ndugu yake. Akanitazama, akaona hatufanani, akafungua daftari. Sikusema uongo kwa Kiswahili chochote nikijuacho, na hata kama ningalikuwa rafiki tu, sheria ilikuwa imenitaja.

Pendekezo langu ni kwamba hati iitwe "maelezo baada ya kujulishwa haki", na kwamba askari aseme "nakujulisha" badala ya "nakuonya". Msemo huu ni mrefu, nakiri, na wenye kupenda istilahi za neno moja hawataupenda. Nimefikiri juu ya "arifu", ambalo ni fupi. Lakini mtaani limebaki la barua na matangazo. Wasomaji wa Pemba, Lamu na Mvita wanijulishe kama kwao onya lingali likitumiwa kwa maana ya kumfanya mtu aone, bila kukemea ndani yake. Kama lipo mahali linaposemwa hivyo na watu walio hai, nitaiondoa sehemu moja ya lawama niliyomwekea mfasiri.