Mchezo wa Redio Ukipanda Jukwaani

Shabiki wa mchezo wa redio akienda kuutazama jukwaani, huenda na sura zake kichwani. Mkwaju, yule dereva wa lori wa Twende na Wakati aliyesikika Redio Tanzania kuanzia 1993, kila msikilizaji alikuwa na wake: mnene kwa huyu, mwembamba kwa yule. Anayeandaa onyesho anashindana na Wakwaju wote hao.

Huku Ngara na Biharamulo masikio yamezoea michezo hii. Redio Kwizera ilifunguliwa Ngara 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Mwaka 1999 idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu ikaanza kurusha mchezo wa Urunana kwa Kinyarwanda, na Mhangaza wa Ngara, ambaye lugha yake ni jirani ya Kirundi na Kinyarwanda, hakuhitaji mkalimani.

Sasa tazama ufundi. Mwandishi wa redio hana jicho la kumsaidia, kwa hiyo kila tukio hulipatia sauti mbili tatu tu, na wahusika, kama Mkwaju na mkewe Tunu, huitana majina kila mara: “Mkwaju, umetoka wapi?” “Tunu, niache!” Jukwaani hilo linachosha upesi. Tunu yule pale, nani asiyemwona? Majina yapunguzwe.

Gumu zaidi ni mnong’ono. Studioni mwigizaji anakaribia kipaza sauti, anashusha pumzi, na msikilizaji aliye jikoni anajua ndoa imevunjika. Upeleke mnong’ono huo uwanja wa shule Nyabusozi, Biharamulo, mchana, jenereta linanguruma na watoto wamekaa mpaka miguuni pa waigizaji: umepotea. Lazima pumzi igeuzwe kitendo. Mke anaokota shati la mumewe, analinusa kolani, analikunja taratibu, kisha analiweka nje ya mlango. Hata aliye nyuma kabisa, juu ya baiskeli, ameelewa.

Halafu kuna mwisho. Redioni sehemu hukatwa pabaya makusudi ili urudi wiki ijayo. Mtu aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali ukimkatia hivyo, umemdhulumu. Afadhali uchukuliwe mgogoro mmoja, ufikishwe kileleni, kisha wenyeji waachiwe wauamue kwa maneno yao. Hilo si geni nchini: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya hivyo Malya, mkoani Mwanza, juu ya mimba za wasichana, na majadiliano yakawa sehemu ya mchezo.

Sauti nayo itangulie mwili. Mhusika aseme kwanza akiwa nyuma ya pazia, umati umtaje wenyewe, ndipo atokee. Akitokea kimya, watu hutumia dakika nzima wakiulizana ni nani, na maneno yake ya mwanzo yanapita bure.

Kwa hiyo watayarishaji, mkija huku, njooni na waigizaji walewale wa studioni, hata kama umri umewatupa mkono. Msituletee kijana mtanashati aliyefundishwa kuigiza sauti ya mwingine. Tutamjua kabla hajamaliza sentensi.