Daytona 1979: simulizi iliyomweka mshindi pembeni

Ukipata kanda ya Daytona 500 ya tarehe 18 Februari 1979, itazame kama unavyosoma riwaya. Nani anasimulia? Anamwacha nani nje? Msimulizi wetu ni Ken Squier wa CBS, na siku ile televisheni yake ilijaribu jambo ambalo halijawahi kufanywa Marekani: kuonyesha mbio za magari za maili 500 moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho.

Mwanzo wenyewe, kusema kweli, ni mbovu. Mvua ilikuwa imelowesha uwanja, magari yakazunguka mara 15 chini ya bendera ya njano, taratibu kama msafara wa harusi. Mhariri yeyote angefuta ukurasa huo. Lakini huko mashariki mwa nchi theluji iliwafungia watu ndani, wakabaki na televisheni. Wanaosimulia historia ya NASCAR wanaipenda mno theluji hii, mpaka unadhani ndiyo iliyoshika usukani. Theluji inaweza kukukalisha mbele ya skrini, sawa. Kukuzuia usiinuke kwa zaidi ya saa tatu ni kazi ya mtu mwingine.

Mzunguko wa 200, wa mwisho. Donnie Allison anaongoza, Cale Yarborough yuko nyuma yake. Mapema, purukushani iliyowahusisha wawili hawa na Bobby, kaka yake Donnie, ilikuwa imemrudisha Yarborough nyuma mizunguko mitatu. Akaifidia yote. Sasa anataka kupita kwa ndani, Donnie anamziba, magurudumu ya Cale yanaingia kwenye nyasi zenye maji. Magari yanagongana, yanaachana, yanagongana tena, halafu yote mawili yanajibamiza ukutani kwenye kona ya tatu.

Hapa ndipo Squier anapoonyesha ubora wake. Kamera imeganda kwenye vyuma vilivyopondeka na hakuna ajuaye nani anaongoza. Anatafuta, nasi tunatafuta pamoja naye. Kumbe ni Richard Petty, aliyekuwa mbali kabisa nyuma, akifuatwa na Darrell Waltrip na A.J. Foyt. Wasimulizi wengi hujifanya wanajua yote. Huyu anagundua mbele yetu, sauti ikipanda kadiri anavyoelewa. Ni raha kumsikiliza.

Petty akashinda Daytona kwa mara ya sita, rekodi. Alikuwa amemaliza mbio 45 bila ushindi, na miezi michache kabla madaktari walikuwa wamemkata sehemu ya tumbo. Baba yake, Lee, alishinda Daytona 500 ya kwanza mwaka 1959, na ilichukua siku tatu za kukagua picha kabla ya kumthibitisha. Baba picha, mwana picha! Katika kitabu kingine chochote, Petty angekuwa mhusika mkuu.

Lakini kamera ikarudi kwenye nyasi. Bobby alikuwa amesimamisha gari kumwangalia ndugu yake, maneno yakawa makali, akaanza kuchapana makonde na Yarborough. Na picha hiyo imemeza kila kitu. Waandishi wanairudia kwa sababu ni rahisi: ngumi haihitaji maelezo. Ile mizunguko mitatu aliyoifidia Yarborough, ambayo kwangu ndiyo sura bora ya simulizi nzima, hupewa sentensi moja, na mara nyingine haipewi hata hiyo.

Anayeonewa zaidi ni Donnie. Yarborough alishinda Daytona 500 mara nne, Bobby mara tatu. Wao walikuwa na siku nyingine za kukumbukwa. Donnie hakuishinda hata mara moja. Kwenye picha zile za ugomvi kaka yake ndiye anayepigana. Yeye yuko pale pembeni, na watu wengi wanaozitazama inabidi waambiwe kwamba gari lake ndilo lililokuwa mbele.