Maji, Msasa na Klia: Jinsi Taa ya Gari Iliyofifia Inavyorudishwa

Fundi mzoefu akiletewa gari lenye taa za mbele zilizofifia, kabla hajashika msasa huimwagia taa maji. Ukungu ukitoweka papo hapo na balbu ikaonekana, kisha ukarudi maji yakikauka, anajua kazi inawezekana: ubovu uko juu ya uso wa nje. Taa ikibaki vilevile, tatizo liko kwingine. Huenda mvuke umepenya ndani, au kiakisi, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, kimeungua na kupoteza mng'ao. Hapo hata asugue mpaka jioni, barabara haitaonekana vizuri zaidi.

Jaribio hilo la dakika moja lina maelezo yote ya kazi ndani yake. Uso wa taa iliyochakaa umejaa nyufa na vishimo vidogo mno, na mwanga ukifika penye kila kishimo hupindia upande wake. Badala ya kwenda mbele, unatawanyika. Mwingine unaishia machoni mwa dereva anayekuja. Hewa hupinda mwanga kwa kipimo cha 1, maji 1.33, plastiki ya taa karibu 1.58. Maji yakijaza vishimo, tofauti ya vipimo hupungua na mwanga hupita karibu kana kwamba uso ni laini. Kurudisha taa, basi, ni kupata kwa miaka kile ambacho maji hukitoa kwa dakika mbili.

Plastiki yenyewe ni polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake bila kushirikiana, Hermann Schnell wa Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Ni nyepesi, hufinyangwa umbo lolote, na jiwe likiipiga haipasuki kama glasi. Marekani ilibadili kanuni zake za taa za magari mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza nchini humo kuuzwa na taa za aina hiyo. Watu wanaokumbuka Peugeot 504 wanajua tofauti yake: taa zake zilikuwa za glasi, na glasi hata ikizeeka haigeuki njano.

Polikaboneti ina udhaifu mkubwa mbele ya jua. Miale ya urujuanimno hukata viungo vya kemikali vilivyoishikilia, uso ukageuka njano, ukakauka na kuchanika. Kwa sababu hiyo kiwanda hupaka juu yake ngozi nyembamba na ngumu yenye kemikali za kufyonza miale hiyo. Taa hudumu kadiri ngozi hiyo inavyodumu. Ndiyo maana sehemu ya juu ya taa, inayotazama mbingu, huharibika kabla ya sehemu ya chini, na gari linaloegeshwa kila siku likielekea upande mmoja huweza kuwa na taa moja iliyochoka kuliko mwenzake.

Afrika Mashariki tatizo hili lina uzito wake. Magari mengi huingia yakiwa yametumika Japan kwa miaka kadhaa. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada yaliyozeeka. Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ingali barabarani kwa wingi, na ngozi ya taa zake ilikwisha zamani chini ya jua la ikweta.

Uzito huo unaonekana usiku. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia mwaka 2018 kikakuta zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosafishwa vizuri, iwe kwa fundi au nyumbani, zilirudi hadi karibu asilimia 70. Huko Japan, taa isiyofikisha kandela 6,400 hairuhusu gari kupita ukaguzi wa serikali. Katika barabara zisizo na taa, wanakopita watembea kwa miguu na bodaboda zisizo na kiakisi nyuma, hakuna sababu ya kuichukulia kazi hii kama urembo wa gari.

Sasa msasa. Baada ya kuosha taa na kuifunika kwa tepu ya karatasi rangi ya gari inayoizunguka, fundi huanza na msasa wa maji namba 400 au 600 ikiwa ngozi ya kiwanda inabanduka, au 800 hadi 1000 ikiwa ukungu ni mwepesi. Ndoo ya maji yenye matone ya sabuni iwe karibu, na uso usikauke hata mara moja. Mwanzoni maji yanayotiririka huwa ya njano. Hiyo ni ngozi ya zamani inatoka. Yakigeuka meupe kila mahali, polikaboneti safi imefikiwa. Wengi huacha kabla ya hapo kwa kuogopa kuharibu taa, na matokeo yake ni mabaka yenye kingo zinazoonekana kama ramani baada ya polishi.

Kila namba ya msasa huacha mikwaruzo yake, na namba inayofuata ina kazi moja tu ya kuifuta. Hivyo fundi makini hubadili mwelekeo: namba 800 kwa mlalo, 1000 kwa mshazari, 1500 kwa mlalo tena. Mistari ya mwelekeo wa awali ikiwa bado inaonekana, haendi mbele. Chembe za msasa namba 2000 zina upana wa mikroni 10 hivi, ilhali mawimbi ya mwanga unaoonekana hayafiki hata mikroni moja. Kwa hiyo baada ya msasa wa mwisho taa huwa nyeupe kama barafu, na mwenye gari hushtuka. Haijaharibika. Inangoja polishi yenye chembe laini zaidi.

Dawa ya meno ni polishi ya namna hiyo, iliyo dhaifu. Ina chembe za kusugua, ndiyo maana taa hung'aa baada yake. Lakini haina kinga yoyote, na taa iliyovuliwa ngozi kisha ikaachwa tupu juani hurudi njano ndani ya miezi michache. Dawa ya kufukuza mbu huyeyusha kidogo uso wa plastiki ukajifunika, na thina ya rangi au petroli huweza kuipasua plastiki. Kuna pia kikombe kinachochemsha kemikali ili mvuke wake uyeyushe uso. Matokeo yake hupendeza mchana ule ule, lakini plastiki iliyolowa kemikali hiyo huelekea kufanya nyufa nyembamba zisizosugulika tena, na mvuke wenyewe ni sumu kwa anayeuvuta.

Kinga ndiyo inayostahili pesa na muda. Njia bora nyumbani ni klia, yaani vanishi angavu ya magari, ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, yenye kinga ya jua iliyoandikwa kwenye kopo. Hapa kazi hurahisika: msasa unaweza kuishia namba 1000 na polishi isihitajike, kwa kuwa klia, yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.5 hivi, hujaza mikwaruzo kama maji yalivyofanya, kisha ikakauka humohumo. Mikwaruzo hiyo pia huipa klia pa kushika. Hupulizwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kivulini, kwenye taa iliyopanguswa na spiriti safi na kukauka. Siku ya mvua au unyevu mkali wa pwani isubiriwe ipite, maana klia hubaki na weupe. Hadina nyingi zina isosaianeti, ambazo huweza kusababisha pumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Asiye na barakoa ya kemikali yenye vichujio na atumie kinga ya kupaka kwa kitambaa, akijua atairudia mapema zaidi.

Gari liachwe usiku kucha kabla ya kuguswa na maji. Kisha, likisimama mahali tambarare mbele ya ukuta, taa za mwanga wa chini ziwashwe na mstari wa juu wa mwanga ukaguliwe, kwa sababu taa iliyokuwa imefifia huficha kwamba imeelekezwa juu mno, na ikisafishwa kosa hilo humwangukia dereva wa mbele. Nyufa zilizozama ndani ya plastiki hazitoki kwa njia yoyote iliyotajwa. Taa hizo hubadilishwa zote mbili.